Injili na Mizani



Mtu apandaye juu ya paa la baadhi ya nyumba kongwe za Mombasa au Unguja, kwa ajili ya kuziba panapovuja kabla masika hayajaingia, huenda akajikuta ameshika mkononi kigae chekundu cha udongo wa kuchoma, kizito, chenye mifereji ya kupitishia maji, na kwa upande wake wa chini, mahali ambapo jua halifiki wala mvua, pana maandishi yaliyogandamizwa wakati udongo ungali mbichi, yakitaja jina la misheni ya Basel na mji wa Mangalore ulio katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Fundi aghalabu hukipangusa vumbi kwa kiganja, akakirudisha mahali pake, akashuka. Kwake yeye kigae ni kigae, na kizuri ni kile kisichovuja. Mimi lakini nimekuwa nikijiuliza tangu zamani ilikuwaje watu waliotoka makwao kwa azma ya kuhubiri Injili wakaishia kufinyanga udongo, kuuchoma, na kuupakia melini kuuza Afrika ya Mashariki. Na mazungumzo yangu ya leo yamezaliwa na swali hilo, maana siku hizi pana maneno mengi, makanisani na katika semina, juu ya wamisionari ambao pamoja na Biblia huja na mtaji, wakisema kwamba ufukara hautaondoka kwa sadaka bali kwa biashara. Wengi hulisema jambo hili kana kwamba limezuka jana. Ni la siku nyingi, na katika siku hizo limefaulu na limeharibika, na sababu za kufaulu na za kuharibika zaweza kujulikana na kila atakaye kuzichungua.

Misheni ile iliasisiwa mwaka 1815 katika mji wa Basel, Uswisi, na wacha Mungu wa Kiprotestanti, na wajumbe wake wa kwanza walitua Mangalore mwaka 1834. Walihubiri, wakapata wafuasi. Na walipopata wafuasi wakapata pamoja nao taabu ambayo hawakuitazamia. Kila aliyebatizwa alitengwa na jamaa zake na tabaka lake, na kwa kuwa katika nchi ile kazi ilirithiwa pamoja na tabaka, aliyepoteza tabaka alipoteza riziki siku ile ile, hata akawa mlangoni mwa mmisionari asubuhi, yeye na mkewe na watoto wake, akiuliza watakula nini. Kumpa mtu kama huyo chakula siku ya kwanza ni wajibu. Kumpa kila siku kwa miaka ni kumgeuza muumini kuwa mwombaji, na kanisa kuwa jiko. Basi misheni ikajaribu hili na lile, kilimo na kazi za mikono, mengi yakaleta hasara, mpaka ufumaji wa nguo ukashika, na baada yake vigae. Kiwanda cha kwanza cha vigae kilifunguliwa Jeppu, nje kidogo ya Mangalore, mwaka 1865, chini ya Georg Plebst, mtu aliyekuwa hodari wa mitambo kuliko wa mimbari, na udongo wa mito ya upande ule ulikuwa mzuri kiasi kwamba vigae vyake vilikwenda Aden, Basra, na huku kwetu.

Siwezi kuisifu kazi hii bila kutaja uzito uliokuwa ndani yake. Katika kiwanda cha namna ile mwajiri na mchungaji walikaa nyumba moja. Mfumaji aliyekorofishana na wazee wa kanisa alikuwa na sababu ya kuhofia ujira wake, na mwenye njaa aliyeambiwa habari za wokovu karibu na lango la kiwanda hakuweza kujua mwenyewe, seuze sisi tulio mbali naye kwa karne nzima na zaidi, kama alikuwa akiutaka wokovu au anataka kazi. Wamisionari wenyewe walibishana juu ya jambo hili miaka mingi, na sidhani kwamba walilimaliza. Walilolifanya ni kutenga madaftari. Mwaka 1859 iliundwa kampuni ya biashara yenye hisa zake, hesabu zake na wakuu wake, mbali na hesabu za misheni. Faida ya wenye hisa iliwekewa kikomo, na ziada ikaenda kuendesha kazi ya Injili. Kampuni hiyo ilifanya biashara katika nchi iliyoitwa zamani Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, ikinunua mafuta ya mawese na kuuza bidhaa za Ulaya, nayo ilikataa kata kata kuuza ulevi, katika pwani ambayo chupa ya pombe kali ilikuwa karibu sawa na fedha mkononi mwa mfanyabiashara mzungu. Kukataa bidhaa yenye faida kubwa kuliko zote ni kipimo kizuri cha nia ya mtu, na mimi ningependa kipimo hicho kitumike mara nyingi zaidi.

Nchini humo ndipo alipotokea mhunzi mmoja aliyefunzwa kazi katika karakana ya misheni ya Basel, jina lake Tetteh Quarshie. Katika miaka ya 1870 alisafiri kwenda kisiwa cha Fernando Po, akarudi na mbegu za kakao, akazipanda shambani kwake Mampong, katika vilima vya Akuapem. Misheni yenyewe ilikuwa imekwisha jaribu kakao kabla yake katika bustani zake, lakini haikusitawi. Ya Quarshie ilisitawi, majirani wakaomba mbegu, wakapanda, wakatafuta ardhi mpya mbali na kwao, wakainunua kwa fedha zao wenyewe, na ilipofika mwaka 1911 nchi ile ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuuza kakao nje. Nawaomba mliangalie jambo hili kwa utulivu. Misheni ilitoa ufundi, kusoma, na kuandika hesabu. Shamba, mbegu na hatari ya hasara vilikuwa vya mkulima mwenyewe, na kwa hivyo faida nayo iliweza kuingia nyumbani mwake.

Sisi watu wa pwani, mimi nikiwamo, hatuna haki ya kushangaa kuona dini na biashara zikisafiri pamoja, kwa maana jahazi zilizokuja na msimu wa kaskazi zilileta tende, vyombo vya kauri na Kurani katika safari moja, na aliyekuja kununua pembe alisimama kuswali mbele ya macho ya wenyeji bila kuita kazi yake jina lolote. Alikuwa mfanyabiashara aliyeswali. Tofauti ya wamisionari wa karne ya 19 ni kwamba wao walikuja na nadharia, na mwenye nadharia aliyevuma kuliko wote alikuwa David Livingstone. Katika mwezi wa Desemba mwaka 1857, akihutubia chuo kikuu cha Cambridge, aliwahimiza vijana waende Afrika kuendeleza njia aliyokwisha kuifungua yeye, njia ya biashara na ya Ukristo; na hoja yake haikuwa ya kijinga. Aliona kwamba biashara ya utumwa inaishi kwa sababu hakuna bidhaa nyingine ya kubadilishana kwa nguo na bunduki, na akaamini kwamba watu wakipata pamba na mazao mengine ya kuuza, mtumwa atakuwa na thamani kubwa zaidi akiwa huru shambani kuliko akiwa mnyororoni njiani.

Hotuba hiyo ilizaa misheni ya vyuo vikuu, ile ambayo baadaye ilijenga kanisa kuu lake mahali palipokuwa soko la watumwa Unguja. Lakini kabla ya Unguja misheni hiyo ilianzia Magomero, katika milima ya Shire, nchi ya Malawi ya leo, mwaka 1861. Askofu wake Charles Mackenzie akafa kwa homa mwaka uliofuata, na waliosalia wakaondoka. Mahali hapo hapo Magomero, miaka thelathini baadaye, palikuja kuwa shamba kubwa la familia ya Alexander Low Bruce, mume wa binti yake Livingstone. Hivyo jina la Livingstone na biashara yake vilirudi Magomero pamoja, na watu wa pale wakayaonja matunda yake. Walikuta kwamba ardhi waliyolala juu yake ni mali ya shamba, na kodi yake hailipwi kwa fedha bali kwa kazi, utaratibu ulioitwa thangata, ambao kwa maandishi ulikuwa wa mwezi mmoja au miwili na kwa vitendo ulinyooka kwa kadiri ya hamu ya msimamizi. Na msimamizi huyo, William Jervis Livingstone, alikuwa mtu mkali ambaye hakutaka shule za Waafrika wala makanisa yao katika eneo lake, na yaliyojengwa aliyatia moto.

Jirani na shamba hilo, Chiradzulu, aliishi mchungaji John Chilembwe, aliyesoma Marekani kwa msaada wa Joseph Booth, Mwingereza aliyekuja nchi ile mwaka 1892 kuanzisha misheni itakayojilisha yenyewe kwa kilimo cha kahawa. Chilembwe naye aliporudi mwaka 1900 alianzisha misheni yake ya kazi za mikono na kilimo, Providence Industrial Mission, akiwafundisha watu wake kusoma, kushona, kuvaa nadhifu, na kupanda mazao ya kuuza. Kwa maneno mengine alikuwa amefanya lile lile lililohubiriwa Cambridge, na kwa mikono ya wenyeji wenyewe. Mwezi Januari mwaka 1915, baada ya malalamiko mengi kutojibiwa, watu wa Chilembwe waliingia Magomero usiku wakamwua msimamizi. Serikali ikalivunja kanisa la Chilembwe kwa baruti, na yeye mwenyewe akapigwa risasi akikimbia. Sitaki kulipunguza jambo hili kuwa habari ya mtu mbaya mmoja. Biashara ilikuwapo, Ukristo ulikuwapo, pamba na tumbaku vilikuwapo. Ila mwenye ardhi, mwenye mizani na mwenye amri alikuwa mtu mmoja.

Turudi karibu na nyumbani, kwa sababu mfano ninaoujua na kuupenda zaidi uko Kilimanjaro.

Mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa wengi wao, walifika Unguja mwaka 1863 kutoka kisiwa cha Réunion, na karakana zao za seremala na uhunzi zilijulikana mjini. Mwaka 1868 wakaanza makazi yao Bagamoyo, wakiwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa na shamba la minazi. Kisiwa walikotoka ni kisiwa cha kahawa, ile iitwayo Bourbon hata leo kwa jina la zamani la Réunion, na mbegu zake ziliwafuata mapadri hao kila walipopanda mlima. Katika miaka ya 1890 zilipandwa Bura, upande wa Taita, na mwishoni mwa karne hiyo zikawa katika misheni ya St Austin karibu na Nairobi; na upande mwingine wa mpaka, kwenye miaka hiyo hiyo, zikapandwa Kilema, katika miteremko ya Kilimanjaro. Mbegu ni ile ile, mapadri ni wa shirika lile lile, na mvua za milimani hazikuujua mpaka wa Mwingereza na Mjerumani.

Matokeo hayakuwa yale yale. Nchini Kenya kahawa ilichukuliwa na walowezi, na Mwafrika akazuiliwa kuipanda mpaka miaka ya 1930, kwa kisingizio kwamba mashamba madogo yataeneza magonjwa na yataficha buni za wizi. Kwa hivyo mtu aliyebatizwa na mapadri walioleta kahawa aliijua kahawa kwa kuichuma katika shamba la mwingine, kwa kibarua. Kilimanjaro walowezi walitoa hoja hizo hizo, tena kwa sauti kubwa, lakini Wachaga walikuwa wamekwisha kuupanda mbuni katikati ya migomba ya vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, ambamo mti hupata kivuli, samadi ya ng'ombe wa ndani na maji ya mfereji, na mkuu wa wilaya wa wakati ule, Charles Dundas, aliwaunga mkono. Mwaka 1925 wakulima hao waliunda chama chao cha Kilimanjaro Native Planters, rais wake wa kwanza akiwa Joseph Merinyo, kwa makusudi ya kulinda haki ya kupanda, kupiga dawa dhidi ya wadudu, na kuuza kahawa yao kwa pamoja. Na katika miaka ya 1930, chini ya sheria mpya ya ushirika, chama hicho kikafuatwa na muungano wa vyama vya msingi, KNCU, ambao jina lake kila mwenyeji wa Moshi analifahamu.

Anayetaka kuona mahali ambapo umaskini huingia au hutoka nyumbani asiende kanisani wala bungeni, aende kwenye kituo cha chama cha msingi siku ya kupokea kahawa. Mama ameshinda siku kadhaa akichuma matunda mekundu, moja moja, kwa sababu la kijani huharibu ladha. Yamemenywa kwa mashine ya mkono, ambayo gurudumu lake hupiga kelele mgombani kutwa. Punje zimelowekwa usiku, zimeoshwa utelezi, zimeanikwa juu ya kichanja, zimepinduliwa na kufunikwa kila wingu lilipotanda. Sasa ziko guniani, na gunia liko juu ya mizani. Karani anasoma, anaandika, anakata stakabadhi. Kilo moja ikipunjwa hapo, hakuna mahubiri yatakayoirudisha. Daraja ikiandikwa ya chini, kazi yote ya kichanja imepotea kwa mpigo wa kalamu. Ndiyo maana nasema kwamba misheni ya Kilema iliyoleta mbegu ilifanya hisani kubwa, na shule za misheni, za Kikatoliki na za Kilutheri, zilizomfundisha mtoto wa mkulima kusoma ile stakabadhi, zilifanya hisani kubwa kuliko mbegu.

Wala ushirika haukuwa pepo. Mwaka 1937, bei ilipoanguka na watu wakalazimishwa kuuza kwa njia ya muungano peke yake, wakulima wenyewe waliasi na kushambulia maghala ya vyama vyao. Mwaka 1976 serikali ikaivunja miungano ya ushirika ikakabidhi kazi kwa mamlaka za mazao, na ilipoirudisha, miaka ya 1980, imani ya wakulima ilikuwa imepungua sana. Lakini mtu anaweza kumdai katibu aliyemchagua. Mlei hakumchagua padri wake, na mfanyakazi hakumchagua bwana wa Magomero.

Uganda nitapita haraka, kwa kuwa habari yake inafanana. Mwaka 1903 marafiki wa misheni ya Kianglikana waliunda London kampuni ya Uganda ili kuchukua kazi za mikono za misheni, useremala, uchapaji na ufyatuaji wa matofali, na msimamizi wa kazi hizo, Mdenmark Kristen Borup, akagawa mbegu za pamba kwa machifu. Mavuno ya kwanza yaliyouzwa nje yalikuwa marobota 54, na katika miaka michache pamba ikawa uti wa mgongo wa nchi. Mkulima wa Buganda alipata fedha ya kodi, ya nguo na ya ada ya shule, na hilo si dogo. Viwanda vya kuchambua pamba, hata hivyo, vilibaki mikononi mwa wengine, na katika ghasia za mwaka 1949 moja ya madai ya watu ilikuwa kuruhusiwa kuchambua pamba yao wenyewe. Karibu nusu karne baada ya mbegu, walikuwa bado wanadai mashine.

Mtu atauliza basi mmisionari mwenye biashara afanye nini, maana nimemkataza kuwa bwana na nimemkataza kuwa mgawa sadaka. Nitamjibu kwa kumtaja padri wa Kiholanzi, Frans van der Hoff, aliyekwenda Mexico akaishi na wakulima wa kahawa, wenyeji wa asili wa milima ya Oaxaca, akifanya kazi ya mikono kama wao. Aliwakuta wakiuza kwa walanguzi waliokuja na magari yao na bei zao, na bei hizo hazikutosha hata kulipia jasho la kuchuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaunda ushirika wao, UCIRI, na padri huyo hakuenda kwao Uholanzi kuwaombea nguo kuukuu, bali kuwatafutia wanunuzi watakaolipa bei isiyoshuka chini ya gharama. Pamoja na Nico Roozen, wa shirika la makanisa liitwalo Solidaridad, akaanzisha mwaka 1988 alama ya kahawa ya haki iliyoitwa Max Havelaar, ambayo ndiyo mama wa alama za namna hiyo zilizoenea Ulaya baadaye. Kahawa ya KNCU imeuzwa kwa njia hiyo pia, na hivyo kahawa iliyopandishwa Kilimanjaro na mapadri wa karne ya 19 ilipata soko jipya lililofunguliwa na padri wa karne ya 20. Kilichonipendeza kwa mtu huyu ni kwamba biashara haikuwa yake. Aliijua, aliipigania, aliibeba mpaka mezani kwa wanunuzi, na hisa zikabaki milimani.

Yuko na mfanyabiashara mwingine wa Injili, ambaye sina budi kumtaja kwa kuwa yu karibu nasi zaidi ya huyo wa Oaxaca. Huyu huuza mafuta ya upako kwa chupa, maji kwa lita, na maombezi kwa foleni, na humwambia mjane kwamba akitoa mbegu ya fedha atavuna mara mia. Hiyo nayo ni biashara iliyochanganywa na dini, na inafuata kanuni zote za soko isipokuwa moja, ya kwamba mnunuzi aweza kurudisha bidhaa isiyofanya kazi. Sisemi zaidi, waliouza mbuzi wao kwa ajili ya chupa hizo wananielewa.

Upande wa pili, makanisa yetu yamefanya mambo ambayo hayapigiwi tarumbeta. Kanisa Katoliki lilifungua Nyegezi, karibu na Mwanza, mwaka 1960, chuo cha mafunzo ya jamii, ambacho mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na uhasibu ulikuwa miongoni mwa masomo yake tangu siku za chuo. Mabenediktini wa Ndanda na Peramiho wamefunza vizazi vya maseremala, wahunzi, wachapaji na mafundi umeme, hata katika mikoa ya kusini mtu akisema amefunzwa misheni huwa hana haja ya kuonyesha cheti. Mwaka 2009 taasisi za Kikatoliki zilianzisha Benki ya Biashara ya Mkombozi, na mwaka 2013 Walutheri wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani wakawa na Benki ya Maendeleo. Benki ni chombo kizuri, ila benki hudai dhamana, na fukara ninayemsema mimi hana hati ya nyumba. Kwa hivyo sitazihesabu benki hizi kuwa dawa ya ufukara mpaka nione zinavyomhudumia muuza dagaa.

Kwa muuza dagaa ipo njia nyingine, nayo imeota mizizi katika misikiti na makanisa, mijini na vijijini: vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Tanzania huitwa VICOBA. Ningemshauri kila mmisionari mwenye mtaji, kabla hajafungua kampuni, akakae katika mkutano wa kikundi kama hicho tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuhutubia. Wanachama hukutana kila juma, aghalabu chini ya mti au katika ukumbi wa parokia, kila mmoja ananunua hisa zake mbele ya wenzake, na fedha huhesabiwa kwa sauti. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo zake zimo mikononi mwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, wala yeyote kati yao si mwenyekiti, si katibu, si mweka hazina. Mkopo hutolewa kwa kadiri ya hisa, riba yake hurudi sandukuni, na mwisho wa mwaka wote hugawana, ili anayetaka kuendelea aanze upya na anayetaka kutoka atoke na chake. Mchungaji akitaka kujiunga hukaribishwa. Hununua hisa kwa bei ya wengine wote, na akichelewa mkutano hulipa faini kabla hajaketi.